Miguu ya Ngazi ya Anselm

Watu wa Mtendeni wakikuambia kwamba mume wangu Anselm alianguka kwa sababu ya uzee, waambie Marcelina amesema ni waongo. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Na wakikuambia alianguka kwa uzembe, nitajie jina la aliyesema nimfuate nyumbani kwake, maana katika Tabora nzima ya enzi zile za Mwingereza hapakuwa na fundi wa kupaka chokaa aliyeiogopa ngazi kama yeye.

Tulitoka Isikizya tukahamia mjini mwaka mmoja baada ya vita kwisha. Ngazi yake aliichonga mwenyewe kwa mti wa mninga. Chini ya miguu yake alipigilia vipande vya tairi la lori, kama soli za viatu vya makatambuga, ili isiteleze. Juu, pale inapoegemea, aliizungushia ngozi ya kondoo yenye manyoya yake. "Nimeitwa kuupaka ukuta wa watu, sikuitwa kuuchuna," alikuwa akisema. Na kweli, aliingia katika nyumba za Waarabu, za Wahindi na za mapadri, na hakuna mahali alipoacha mkwaruzo.

Lakini alikuwa na jambo lake moja. Kabla ya kupanda, hata kama ameshuka kunywa maji tu, alipiga goti, akaupapasa mguu wa kushoto wa ngazi, kisha wa kulia, akausukuma kila mmoja kwa kiganja aone kama utakwenda. Ndipo apande. Mara ishirini kwa siku! Wapita njia wakampa jina la Shikamoo Ngazi. Yeye aliwaitikia "Marahaba" na kuendelea na kazi. Aliyeona haya ni mimi.

Mwaka wa hamsini na mbili, mwezi wa Juni, tuliitwa na Bi Kuluthumu, mjane aliyekuwa akinunua nta vijijini na kuiuza mjini. Alikuwa anamwoza binti yake Swaumu, akataka sebule iwe nyeupe kabla ya Ijumaa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchanganya chokaa kwenye debe na kumpelekea. Sebule ile ilikuwa na sakafu ya saruji nyekundu, na kila wiki Bi Kuluthumu aliisugua kwa nta iliyoyeyushwa na mafuta ya taa, mpaka ukiinama unauona uso wako. Tuliingia tukitembea kwa ncha za vidole.

"Baba Polina," alimwambia Anselm, akimwita kwa jina la binti yetu wa kwanza, Apolinaria, "ukuta nitaupaka tena mwakani. Sakafu hii ikichubuka, imechubuka moja kwa moja."

Asubuhi ileile tairi likaacha alama mbili nyeusi. Bi Kuluthumu akapiga ukelele utadhani kaona nyoka. Anselm akashuka, akazifuta kwa kitambaa, akaomba radhi, akapiga goti lake, akapapasa, akapanda tena. Basi wale wanawake waliokuja kuchagua mchele wa arusi wakapata la kusema.

"Jamani, bwana anaiposa ngazi!"

"Mama Polina, nyumbani anaanza kukusalimu wewe au huyo mke mwenzio?"

Wakacheka mpaka mchele ukamwagika. Mimi nilicheka nao kwa meno tu. Moyoni nilikuwa nawaka moto.

Adhuhuri tulikaa uani kula. Nikamwambia, tena kwa ukali, "Ukipiga goti tena mbele ya wanawake wale, narudi nyumbani. Chokaa utachanganya mwenyewe."

Anselm akanitazama. Hakuwa mtu wa kubishana na chakula kikiwa mbele yake. Akanawa mkono, akasema, "Haya, Mama Polina. Nimesikia."

Wakati sisi tunakula, Bi Kuluthumu naye alikuwa na shughuli yake ndani. Alichukua mifuko miwili ya kitambaa cha marekani, ile aliyotumia kuchujia nta, akaifua vizuri kadiri ilivyofulika, akaivisha miguu ya ngazi juu ya lile tairi, akaifunga kwa kamba ya katani. Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu leo. Kila mtu wa kwetu anajua nta inanata. Ukiishika inakuganda vidoleni, na nguo iliyoingia nta inakuganda mkononi vilevile. Nani angefikiri vingine?

"Ngazi yako nimeivalisha soksi," alimwambia Anselm tuliporudi. "Haitaniachia weusi tena. Na zinanata hizo, shika uone."

Anselm akaiangalia ile mifuko. Akaanza kukunja goti. Nililiona goti lile likikunjika, jamani, nililiona kwa macho yangu haya. Halafu akageuza uso akanitazama mimi, na mimi nikamkazia macho. Akajinyoosha. Akapanda bila kugusa kitu.

Nilikuwa nimeinamia debe niliposikia sauti ya nguo inayoburutwa, fupi tu. Nilipoinua kichwa, miguu ya ngazi ilikuwa inamkimbia, inakwenda katikati ya chumba bila kizuizi chochote, na Anselm yuko juu na brashi mkononi. Nadhani hakuamini. Mimi mwenyewe sikuamini, nilisimama na mwiko wa chokaa kama nasubiri mtu aniambie hilo silo ninaloliona. Kisha mninga ukagonga saruji na chokaa ikaturukia sote usoni.

Wale wanawake wanane wakaacha mchele wakaja kumzunguka.

"Mama Polina," akasema, taratibu kabisa. "Mguu."

Paja lake lilikuwa limepinda mahali ambapo Mungu hakuweka kiungo. Mimi nimezaa mara tano, nimezalisha wenzangu, nimeona mengi. Siku ile nilishindwa hata kumfuta chokaa machoni, akafutwa na Swaumu.

Ukutani ile ngazi iliacha michirizi miwili mirefu, maana ngozi ya kondoo ilichomoka njiani na mti ukaichimba lipu hadi chini. Sakafu haikuwa na hata mkwaruzo. Bi Kuluthumu akauona ukuta, akaiona sakafu yake inavyong'aa, akaisukuma ngazi kwa kidole kimoja. Ikaenda kama sabuni kwenye beseni. Nta juu ya nta! Akakaa chini palepale kwenye chokaa, akashika kichwa.

"Ni mimi! Nimemuua mume wa mwenzangu!"

"Hukuniua, Bi Kuluthumu," Anselm akasema kwa shida. "Ningepapasa ningejua."

"Na mbona leo hukupapasa?" Swaumu akauliza, machozi yanamtoka. "Asubuhi nzima ulikuwa unapapasa."

Wote wakamtazama. Nikangoja nisikie jina langu.

"Nilisahau," akasema.

Mume wangu hakuwahi kunidanganya hata bei ya chumvi. Neno lile lilinishtua kuliko kishindo cha ngazi, na niliendelea kulisikia njia nzima ya kwenda hospitali, na miezi yote mitano aliyolala nikimgeuza kitandani. Hakuniuliza kitu. Nami sikusema kitu. Niliogopa.

Arusi ikafanyika na ukuta nusu mweupe, nusu umechanika. Watu walishangaa, lakini Bi Kuluthumu alikataa katakata kuita fundi mwingine. "Ukuta huu unamngoja mwenyewe," akasema.

Mwenyewe hakuweza kupanda tena. Mguu ulipona ukiwa mfupi. Basi mwezi wa Novemba tukaenda mimi na yeye, yeye na fimbo, mimi na brashi. Mifuko ya nta ilikwisha tupwa. Bi Kuluthumu, Swaumu na majirani walewale wakajaa mlangoni.

Nikaiegemeza ngazi. Anselm akaiweka fimbo chini, akaanza kupiga goti kwa ule mguu mzima, huku ule mwingine ameunyoosha pembeni. Ilichukua muda mrefu. Swaumu akaja kumsaidia, Anselm akamkataza kwa mkono. Akapapasa kushoto. Akapapasa kulia. Akasukuma. Hakuna aliyecheka.

Nilikuwa nimekwisha kanyaga kidato cha kwanza. Nikashuka, nikawageukia wale wanawake.

"Hakusahau," nikasema. "Mimi ndiye niliyemkataza. Nyinyi mlicheka, mimi nikaona haya, nikamkataza."

Bi Kuluthumu akaziba mdomo kwa kanga. Nami nikasimama pale, nangoja Anselm aseme lolote, hata tusi. Alikuwa bado amepiga goti, kiganja chake kiko kwenye mguu wa ngazi.

"Panda, Mama Polina," akasema. "Nimeshika."