Bei Iliyomtisha Mwalimu

Katikati ya miaka ya tisini, nikiishi kwa nyanya yangu pembeni mwa mji wa Migori, daktari mgeni aliyekuwa akirudi kwao aliniachia mbwa wawili wadogo weupe wa mbegu safi, dume na jike. Sikusomea mifugo. Nilijifunza kwa kitabu chake kimoja na kwa wasiwasi mwingi.

Jike alizaa. Watoto walipotimiza wiki nane, mmoja alikuwa bado hajapata mwenyewe. Niliogopa asije akaangukia mikononi mwa wachuuzi wa sokoni, wanaowatenga watoto na mama yao kabla hawajajua kula. Kwa hiyo alipokuja mwalimu mmoja, Mkamba aliyehamishiwa Homa Bay, niliomba kimoyomoyo amchukue yeye.

Akauliza bei. Kwetu mtoto wa mbwa hauzwi. Unaenda na kuku, unapewa. Nami, kwa kuogopa kuonekana mwenye tamaa, nikataja bei ya kuku mmoja.

Mwalimu, aliyekuwa amempakata yule mtoto wa mbwa, akamweka chini.

"Kijana, huyu umemwiba wapi?"

"Sijaiba, mwalimu."

"Basi anaumwa. Mwaka jana nilinunua mmoja soko la Kosele, ndani ya katoni, bei ya bure kama hii. Mama yake sikuonyeshwa. Mtoto huyo alikufa kabla binti yangu hajampa jina."

Nyanya, aliyekuwa akichambua dagaa wa omena mlangoni, akacheka. "Mwalimu, hii mtoto anapikia mbwa uji kabla ya mimi! Kama ni mwizi, ni mwizi mjinga."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameshachukua mkoba wake.

Nikakimbia kuwaleta wazazi wa yule mtoto. Akawatazama, akamfunua mtoto ufizi, akanusa masikio yake. Nikamweleza kuhusu dawa ya minyoo, na chanjo iliyotoka Kisumu ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu. Halafu nikalazimika kusema lile nililoliogopa zaidi.

"Kitovu chake kimevimba. Daktari wa mifugo anasema huenda kikajifunga, huenda kikahitaji kushonwa. Siwezi kukuahidi. Ukishindwa naye, mrudishe kwangu, usimpe mtu mwingine."

Akakibonyeza kile kitovu taratibu. "Sasa taja bei ya kweli."

Nikajumlisha gharama, nikaongeza kidogo kwa kazi yangu, nikapunguza kwa ajili ya kitovu. Nikaitaja.

"Hiyo naielewa," akasema. "Ile ya kwanza ilinitisha."

"Yawa!" nyanya akamaka. "Kwa mbwa ambayo paka anaweza beba!"

Safari hii mwalimu alicheka. Akalipa, akamfunga mtoto ndani ya leso, kichwa kikiwa nje, akauliza anakula mara ngapi. Nikamweleza, nikarudia, nikarudia tena, mpaka akanigusa bega: "Nimesikia, mwanangu."

Walipopinda kona nilikaa palepale mavumbini, nikipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.