Sahihi ya Ishirini

Mwaka wa mwisho wa ufamasia, chuo kilitupa kila mmoja kijitabu cha umilisi: kazi ishirini ambazo mfamasia lazima aziweze, kila moja ikingoja sahihi ya msimamizi hospitalini. Kupita mtihani wa karatasi hakukutosha. Bila sahihi zote, hakuna kuhitimu.

Zikibaki siku nne nimalize mazoezi Meru, nilikuwa na kumi na tisa. Nilihesabu mara mbili, nikiomba niwe nimekosea. Iliyobaki ilisema: "Anamhoji mgonjwa hadi ajue kila anachotumia."

Nikamwendea msimamizi wangu, mama mzaliwa wa Kanyakine asiyecheka kazini.

"Madam, nimefikisha kumi na tisa. Si uniongezee hiyo moja? Hata muuza ndizi huongeza."

"Hapa si soko la Kangeta. Mgonjwa anangoja dirishani."

Alikuwa mzee wa dawa za presha, na presha yake ilikataa kushuka. Nikamuuliza, "Baba, kuna dawa nyingine unatumia? Pombe? Sigara?"

"Hapana. Mimi ni mtu wa kanisa."

Nikaandika hapana. Nikahesabu vidonge mara mbili, nikampa, nikamgeukia madam na kalamu tayari.

"Shavu lake la kushoto lina nini?" akauliza.

Sikuwa nimeliona. Nimekulia Kangeta nikifunga miraa na baba yangu. Kwetu shavu lililojaa miraa inayotafunwa ni shavu tu. Nikamkimbilia mzee, nikamkuta karibu na geti.

"Baba, hiyo miraa unamaliza bunda ngapi kwa siku?"

"Moja."

Sokoni jibu la kwanza huwa ni la kufungua mazungumzo. "Na ukiweka ya jioni?"

"Mbili."

"Na ya wageni?"

Akacheka. "Tatu. Lakini hiyo si dawa, kijana. Ni kama chai."

Nikamweleza jinsi inavyopandisha presha ile ile ambayo vidonge vinajaribu kuishusha. Yeye alitaka abaki na mbili, mimi nilianzia sufuri. Nikamrudisha kwa daktari, na tulipofika alikuwa amekubali sufuri yangu, kwa majaribio.

Madam hakusaini siku hiyo. Alisaini siku ya mwisho, baada ya kunisikiliza nikiwahoji wagonjwa sita. Mimi nilihesabu saba.

"Mmoja ulimharakisha," akasema. "Huyo hahesabiki."

Sikubishana. Nilipotoka nje nikafungua kijitabu: sahihi ishirini. Nikarudia kuhesabu, zikawa bado ishirini.