Debe la Bi Zulekha

Wenzangu, nichekeni taratibu, bado naona haya. Ramadhani iliyopita nilimwendesha Bi Zulekha, mfanyabiashara wa Jinja, kwenda kwa binti yake Moroto, kwa gari lile la kuwashwa kwa hendeli. Tulipoiacha Mbale na Nakaloke, tukaingia nyika tupu ya mchanga na miiba. Bi Zulekha akalala. Mimi nilikuwa nimefunga, tena mafua yamenibana, pua haisikii kitu.

Nyuma kulikuwa na debe moja, limejaa. Safari ya nyikani, debe si maji? Nani asiyejua?

Njiani tukamkuta kinyozi, kaweka kiti peke yake katikati ya nyika, ananyoa watu kwa wembe mkavu. Nikamhurumia, nikamjazia bakuli kutoka debeni. Mteja wake akainuka nywele zimesimama kama nungunungu.

Mbele, wachungaji wa ng'ombe wakaonja kikombe, wakatazamana, wakaanza kurukaruka na kuimba.

"Afande, ongeza!"

Nikajisemea, jamani, kiu mbaya! Nikaongeza hadi tone la mwisho, nililonawia uso na ndevu.

Magharibi ilitukuta Moroto, jamaa wa binti wamekaa mkekani wanangoja adhana. Nikaanza kujisifu nilivyoinywesha njia nzima. Bi Zulekha akafunua debe, akainama, akanusa.

"Dereva, sharbati yangu ya futari iko wapi?"

"Bi Mkubwa, si... si yalikuwa maji?"

Kabla hajanijibu, nyuki alitua kwenye ndevu zangu, akafuturu mbele yetu sote.