Mkanda Mmoja kwa Mbwa Wote

Tulipohamia kijiji kipya, upande wa Matai, nyumba zetu zilipangwa kwa mistari kama wanafunzi asubuhi, na ni mbwa tu waliokataa kupangwa. Kule tulikotoka kila mji ulikuwa na kilima chake na mbwa wake. Sasa walijikuta mlango kwa mlango, wakapigana kutwa, na mwisho wakaingia kwenye banda la kuku wa kijiji. Mkutano ukaamua kila mbwa afungwe, na akitoka atembezwe kwa kamba.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikiishi na mama mkwe wangu. Mume wangu alifanya kazi Sumbawanga mjini. Mbwa wetu alikuwa dume la rangi ya udongo, mwenye kifua kipana na nguvu za kuvuta plau. Nilipomfunga kamba shingoni na kutoka naye, yeye ndiye aliyenitembeza. Alivuta mpaka macho yakamtoka, akakohoa kama mzee mvuta kiko, akapumzika kidogo, akavuta tena.

"Utamnyonga," mama mkwe aliniambia. "Hata ng'ombe hatumvutishi kwa koo. Mfanyie mkanda wa kifuani."

Kwa kuwa amri ilitaja kamba, nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba ruhusa ya kushona mkanda. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akaunda kamati.

Kamati ilikuwa na wajumbe wengi kuliko mbwa wenyewe. Niliitwa kutoa maelezo, nikasema mbwa hupimwa kifua, nyuma kidogo ya miguu ya mbele; kwamba mkanda usikae kooni wala usikwaruze kwapani; na kwamba ukiufunga, vidole viwili vipite chini yake bila shida.

"Vidole vya nani?" akauliza katibu.

Nikasema vya mwenye mbwa.

"Ndugu mwalimu, watu wana vidole tofauti. Hapo tayari tumeanza matabaka."

Wajumbe wakaafiki. Mwenyekiti akafafanua kwamba tukiacha kila mtu ashone wake, mbwa wa mwenye nacho atavaa ngozi laini na mbwa wa mnyonge atavaa katani. Kwa hiyo kipimo kingekuwa kimoja. Mbwa wa kupimwa akawa wa mwenyekiti mwenyewe, kwa sababu alikuwa karibu. Alikuwa amelala chini ya meza, mzee, mwembamba, na sikumbuki kama niliwahi kumwona akikimbia.

Mikanda ilishonwa kwa turubai kuukuu la lori, ikagawiwa mkutanoni. Jike la jirani yangu, dogo kama paka, lilijichomoa kwenye mkanda wake kabla hotuba haijaisha. Kwa mbwa wangu mkanda haukufika hata upande wa pili.

"Mwambie abane pumzi," mgawaji akaniambia.

Walimshika watu wawili, wakamfunga kwa nguvu. Alisimama, akashangaa. Kisha akaruka mara moja, uzi ukaachia kote, akapita chini ya meza ya wageni akiburuta turubai, na meza ikaenda naye. Mbwa wa mwenyekiti, ambaye mkanda ulimkaa vizuri sana, hakuamka.

Jioni balozi wetu wa nyumba kumi alifika nyumbani, akakaa, akamsalimia mama mkwe kwa shikamoo ndefu.

"Kamati imeona mbwa wako ana tatizo, mwalimu."

"Tatizo gani?"

"Kifua. Wanashauri umpunguzie chakula."

Alipoondoka, mama mkwe alileta vipande vya ngozi ya ng'ombe tukaanza kushona bila ruhusa ya mtu. Mkanda wa kwanza ulimchubua kwapani. Alitembea hatua chache, akakaa, akanitazama kwa lawama. Tukaufumua. Wa pili tuliuzungushia gunia na kuuwekea kipande cha blanketi ndani: utepe mmoja mbele ya kifua, mwingine kuzunguka mbavu, zikikutana mgongoni kwenye pete ya chuma, ambapo kamba ilifungwa. Ili uweze kukazwa na kulegezwa, mama mkwe alitoa bizimu, kile chuma cha kufungia, kwenye mkanda wa suruali ya mume wangu.

"Atauliza," nikasema.

"Mwache aulize. Suruali zenyewe huja kuziacha hapa."

Asubuhi mbwa alivuta, akaona koo lake liko huru, akavuta tena kwa kujaribu, kisha akatembea kando yangu. Nilifurahi kuliko nilivyotaka majirani wajue.

Walijua tu. Walianza kuja mmoja mmoja kupitia uani, kila mtu na mbwa wake, kupimwa. Hata katibu alikuja. "Nimekuja kama mtu binafsi," alisema, akiangalia pembeni.

Siku mgeni alipofika kutoka wilayani, mbwa wote walitembea kwa utulivu, kila mmoja na mkanda uliomtosha. Mgeni akauliza kama ni kweli kijiji kina kipimo kimoja.

"Kimoja, ndugu," mwenyekiti akajibu. "Kimoja kwa kila mbwa."

Mgeni aliipongeza kamati, akaiagiza isivunjwe, na akaipa kazi mpya ya kuangalia suala la bata. Mama mkwe wangu alikuwa na bata kadhaa. Hakusubiri kikao. Alichinja wawili siku ile ile, tukala na ugali wa ulezi, mbwa amelala mlangoni akisubiri mifupa.