Nilivyojipeleka kwa Frimasoni Kibondo

Jamani, wivu utaniua. Sebo tulikuwa naye kijiwe kimoja cha bodaboda, leo ana pikipiki mbili mpya, mimi yangu ya kuazima inakohoa tu. Eti kalima tangawizi Munanila. Tangawizi gani hiyo?

Mwenzangu mmoja kijiweni akaninong'oneza, "Frimasoni wana mkutano Jumamosi, ukumbi wa nyuma ya soko. Sebo yumo."

Jumamosi nikamfuata. Mlangoni nikakuta wanaume tupu wamejipanga, suti nyeusi, glavu nyeupe, aproni viunoni. Nikasema ndio wenyewe. Nikampigia magoti mzee wao.

"Baba, na mimi niingizeni. Najua mnataka mtu wa kutoa kafara. Mchukueni bibi yangu, chumvi ashakula ya kutosha."

Sebo akashika kichwa. "We fala, sisi ni wanaume wa kanisani. Leo tunawahudumia bibi zetu chakula."

Mzee akasogea pembeni. Nyuma yake wamekaa bibi wa mtaa mzima, sahani mapajani. Wangu, aliyenilea tangu naota meno, akaweka kijiko chini taratibu.

"Mjukuu wangu," akasema, "kwani wangekupa pikipiki ngapi?"