Kwangu Hakuna Mutungi wa Mirija

Ruhusa ya kuuza pombe iliyotundikwa ndani ya buveti yangu, baa yangu ndogo, ina jina langu. Si la mume wangu, si la baba mkwe wangu. Nalisema hilo mapema kwa sababu hapa Nyabiondo watu wakiona buveti inaenda vizuri wanauliza mwenyewe yuko wapi, na mimi nimesimama mbele yao, mtoto mgongoni, chupa mkononi. Mwenyewe njo mimi. Nilimaliza sekondari, nina diploma ya Serikali, na ile karatasi niliisoma mstari kwa mstari kabla ya kuigongea msumari. Wengine wanaitundika kama kalenda.

Mambo yake ni ya wazi: saa za kufungua na kufunga, usimuuzie mtoto, usimwongezee aliyekwisha kulewa. Hakuna hata moja lililonishinda. Mwanafunzi akija na sare yake namrudisha kwa mama yake, na kama mama yake namjua, namwendea mwenyewe. Anayeanza kupiga meza ngumi nampa maji na sahani ya ndizi na maharagi. Akikataa, mlango ni ule. Anayekuja na pikipiki ananiachia funguo kabla sijamfungulia chupa. Mume wangu anachimba huko Omate, upande wa Walikale, anarudi akipata nafasi. Kelele zote za walevi nazimaliza peke yangu.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo karatasi haikulitaja, na ndilo lililoniangusha: mutungi wa kasiksi.

Kasiksi ni pombe yetu ya ndizi. Kwa desturi haimiminiwi mtu peke yake. Mutungi unawekwa katikati, kila mtu anaingiza murija wake, vichwa vinakaribiana, habari zinaendelea. Ni desturi nzuri, siikatai. Watu waliogombania mpaka wa shamba wakipatanishwa wanakunywa mutungi mmoja, na hapo kila mmoja anaona kwamba mwenzake hakumtilia sumu. Lakini muuzaji anaona nini? Anaona vichwa sita na mutungi unaoshuka. Anayesema sana anakunywa kidogo. Yule aliyenyamaza kama yuko kwenye sala, njo anayevuta.

Mchana mmoja motari, yaani dereva wa pikipiki, mteja wangu wa kila siku, alitoka kwenye mutungi akaninyooshea mkono.

— Mama, funguo.

— Umekunywa kiasi gani?

— Niligusa tu murija. Uulize hawa.

Nikawauliza hawa. Hawa wakasema kaka iko muzima kabisa. Alisimama wima, alisema vizuri, nikampa. Hakufika mbali. Kwenye mteremko wa kwanza aliingia na pikipiki ndani ya shamba la maharagi, pamoja na mama mmoja aliyempakia njiani na mzigo wake wa mihogo. Motari aliinuka akajipangusa udongo. Mama yule alivunjika mguu.

Nilienda kumwona. Hakunitukana, na hiyo njo iliniumiza zaidi. Aliniuliza tu:

— Ulimuona akikunywa?

— Nilimuona.

— Sasa ulimupatia funguo ya nini?

Nilimwona anakunywa lakini sikujua amekunywa kiasi gani, na mtu aliyetundika ruhusa ukutani hana haki ya kujibu hivyo mbele ya mguu uliovunjika. Nilirudi nyumbani nimejaa hasira: juu ya motari, juu ya wale watano waliomtetea, na juu yangu mimi kwanza. Kesho yake nilikusanya mirija yote nikaichoma chini ya sufuria. Nikanunua vikombe vya bati. Tangu siku ile kasiksi kwangu inamiminwa, kila mtu na kikombe chake, na mimi najua nani yuko kwenye kikombe cha ngapi. Anayeendesha anapata chai.

Walinicheka, wacha.

— Dada, hapa iko buveti ao dispensaire? Tunapimiwa siro ya kikohozi!

— Ngoja, kesho atatupiga na sindano.

— Meza dawa yako, Papa, ukae kimya, niliwajibu.

Nusu yao walihamia kwa jirani. Baada ya wiki chache walirudi, maana kule walikuwa wanatoka na mashati yaliyochanika. Na wake zao, waliokuwa wanakuja kwangu kuwatafuta na fimbo, sasa walianza kuja mikono mitupu. Mmoja wao alikaa akaagiza chai. Siku hiyo nilijisikia mrefu.

Halafu ikafika siku ya mahari ya wifi yangu.

Hapa niseme jambo moja. Mbao za buveti ni zangu, mabati ni yangu, meza na vikombe ni vyangu. Lakini udongo ni wa baba mkwe. Alinipa pembe ya parseli yake, yaani kiwanja chake, kwa mdomo tu, bila karatasi. Neno la mdomo linaweza kurudi mdomoni, na mimi nililijua hilo kila nilipofagia.

Wageni walitoka Kitshanga: mzee mmoja, baba mkubwa wa muoaji, na vijana wawili, kwenye pikipiki tatu na motari wao watatu. Mambo ya ng'ombe yalikuwa yamekwisha kukubaliwa nyumbani asubuhi. Baada ya kinywaji wangerudi, na wifi yangu angeenda nao kumsalimia bibi wa muoaji, ambaye hawezi tena safari. Saa sita baba mkwe aliingia kwangu, wageni nyuma yake, amekumbatia mutungi wake mwenyewe na fungu la mirija kwapani.

— Weka katikati, aliniambia.

— Papa, hapa ni kwa vikombe.

— Leo hakuna vikombe. Unataka niwaambie wakwe zangu wakunywe mbalimbali, sawa vile batu banaogopana?

Nilimwomba tuongee pembeni. Hakutaka pembeni. Alipaza sauti mbele ya wote:

— Karatasi yako iko juu ya ukuta. Ukuta iko juu ya udongo wa nani? Unifezeheshe leo, kesho unaondoa vikombe vyako, naweka hapa mutoto wangu mwingine.

Wageni walitazama viatu vyao. Nilimfikiria yule mama na mguu wake, na nikafikiria kesho yangu na watoto bila buveti, vyote viwili kwa pamoja, na hasira ikanifungua akili badala ya kuifunga.

— Papa, familia ngapi zinapatana leo?

— Mbili. Unauliza nini?

— Familia mbili, vichwa viwili. Wewe na Papa mugeni. Mirija miwili inatosha. Hawa wengine iko kiu tu.

Mzee wa wageni alikohoa kuficha kicheko, akashindwa.

— Mukwe wetu, huyu binti yako alisoma sheria?

— Alisoma ubishi, baba mkwe alijibu, lakini alikaa.

Niliweka mutungi mbele yao wawili, mirija miwili. Vijana niliwamiminia vikombe. Motari waliniletea funguo tatu, nikazitundika nyuma yangu, nikawapa chai. Wa tatu, mwenye koti jekundu, alilalamika kwamba yeye na kasiksi wanajuana tangu zamani. Nikamwambia leo wasalimiane kwa mbali.

Muda kidogo nikaangalia mutungi. Umeshuka. Wazee wawili wenye maneno mengi vile hawawezi kuushusha hivyo. Nikahesabu motari: wawili na chai yao. Buveti yangu ni ya mbao, na nyuma ya viti vya wazee kuna ufa wa vidole viwili. Katika ule ufa kulikuwa na kitu cha kijani, kirefu, kimeinama mpaka ndani ya mutungi. Bua la jani la papai. Lina tundu katikati, kila mtoto wa hapa analijua.

Nilizunguka nyuma. Koti jekundu alikuwa amechuchumaa, macho amefunga, mashavu yameingia ndani.

— Mama, nilikuwa nanusa tu.

— Unanusa kwa kumeza?

Nilimshika kola nikamwingiza ndani, bua mkononi mwangu linadondosha kasiksi. Vijana walianguka juu ya meza kwa kicheko. Baba mkwe hakucheka. Alilitazama bua, akamtazama motari, akamtazama binti yake aliyekuwa amekaa mlangoni na begi lake limekwisha fungwa.

— Wewe ulikuwa unapanda pikipiki ya nani?

— Ya huyu, Papa, wifi yangu alijibu.

Baba mkwe aliung'oa murija wake mutungini taratibu, akauweka chini.

— Funguo ya huyu inabaki hapo, aliniambia bila kuniangalia.

Kijana mmoja wa wageni aliachwa alale kwetu ili wifi yangu apate nafasi kwenye pikipiki nyingine. Koti jekundu alikoroma kwenye benchi yangu. Wifi yangu alifika Kitshanga salama. Baba mkwe aliondoka bila kuniambia asante, na juu ya parseli hakusema ndiyo wala hapana. Nilikaa wiki nzima nikisubiri aje kunitoa.

Jumapili, tulipotoka kanisani, nikasikia sauti yake katikati ya wababa.

— Pale kwangu nilikataza mutungi. Nilisema: kila mutu kikombe chake, na motari analeta funguo kwanza. Nilimwambia mukwe wangu, mimi sitaki mambo ya ajali.

Mirija nilichoma mimi. Kwa yule mama nilienda mimi. Dispensaire niliitwa mimi! Nilifungua mdomo nimpasulie ukweli pale pale, mbele ya pasta na waumini. Halafu nikaufunga, kwa sababu nilisikia alichokuwa amejifungia mwenyewe.

Alasiri ile ile nilimwalika buveti pamoja na wababa wawili kati ya wale waliomsikiliza. Nilikuwa nimekwisha kuandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule.

— Papa, tumesikia sheria yako. Iko nzuri sana.

— Eeh.

— Sheria ya muntu mukubwa inaandikwa. Niliandika hapa: hii pembe ya parseli ulinipatia mimi na watoto wangu, buveti inabaki, na inafuata sheria yako ya vikombe. Hawa njo mashahidi.

Alinitazama sana. Alielewa vizuri kabisa. Lakini wababa walikuwa wanatikisa kichwa kukubali, na mtu hawezi kuikana saa tisa sheria aliyojisifia saa tano. Alichukua kalamu, akaigeuzageuza.

— Mukwe wangu, nipatie kwanza kikombe kimoja. Mukono ukuwe mwepesi.

— Saini kwanza, Papa. Kwangu aliyekunywa hasaini.

Alisaini. Nikammiminia kikombe chake, kimejaa mpaka ukingo, nikamwekea mbele kwa mikono miwili.