Kura ya Baba Kule Kaisho

Harufu ya mvua ya vuli ikigonga nyasi kavu chini ya migomba ndiyo iliyotanda kijijini kwetu Kaisho, karibu na mpaka wa Rwanda, mwezi ule wa Oktoba 1995, wazazi wetu walipojiandaa kumchagua rais katika uchaguzi wa vyama vingi, jambo ambalo rika langu halikuwahi kuliona. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Yalikuwa majira ya kupanda maharage, lakini kazi haikwenda. Watu waliegemea mipini ya majembe wakabishana mpaka mbegu zikalowa vikapuni. Kijiji kiligawanyika pande mbili. Hata kanisani, waliozoea kuketi benchi moja walianza kuachiana nafasi katikati. Vyama vyenyewe sitavitaja, maana kila kimoja kilikuwa na watu wake wema na watu wake wa fitina.

Baba yangu, Tadeo, hakuficha upande wake, na hapo ndipo hofu yetu ilipoanzia. Wazazi wake walivuka mto Kagera kutoka Rwanda enzi za Mwingereza, wakitafuta vibarua katika mashamba ya kahawa. Yeye akazaliwa pale pale Kaisho, akakua, akamwoa Mama, Mnyambo, mwenyeji wa huku wa ukoo unaojulikana. Asili yake haikuwahi kuwa kosa. Lakini mwaka uliotangulia wakimbizi kutoka Rwanda walikuwa wamemiminika wilayani kwetu, makambi yakajaa, na mgambo wakaanza kusimama kwenye njia ya gulio wakiwauliza watu walikotoka. Kibarua mmoja mwenye asili kama ya Baba, aliyelima mashamba ya kijijini kwetu tangu sijazaliwa alipandishwa kwenye lori mbele ya macho yetu. Mkewe alibaki amekumbatia kikapu cha maharage, hajui alilie nani. Tangu siku ile, kila gari lililonguruma mlimani Mama alitoka jikoni kuangalia linaelekea wapi.

Siku chache kabla ya kura, Laurean alisimama uani kwetu. Alikuwa kijana wa mfanyabiashara mmoja wa Muleba aliyehamia huku, na ndiye aliyekuwa wakala wa chama kilichopingana na cha Baba. Hakusema shikamoo. "Mzee Tadeo," alisema huku akitabasamu, "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tulikupa. Kura hatukukupa." Alipoondoka, Mama aliketi chini mbele ya Baba. "Baba Adela," alisema, akimwita kwa jina langu, "kaa nyumbani Jumapili. Kura moja haitakuongezea hata mgomba mmoja. Wakikupakia kwenye lori, hawa watoto nitawapeleka wapi?" Baba aliparura udongo kwenye jembe kwa kidole. Kisha akajibu, "Nikikaa nyumbani Jumapili, Jumatatu wataniuliza kwa nini nalima."

Kura zilipigwa shuleni kwetu. Nilikwenda na wazazi, mdogo wangu nimembeba mgongoni, nikasimama karibu na dirisha la darasa ambapo foleni ilikuwa ikiingia. Msimamizi wa kituo alikuwa mwalimu wa kata nyingine, mzaliwa wa mkoa mwingine, hakumjua mtu. Baba alipotoa kadi yake ya kupigia kura, Laurean aliinuka kwenye benchi la mawakala. "Namwekea pingamizi. Huyu si raia, ni mtu wa ng'ambo." Mgambo wawili waliokuwa mlangoni wakasogea. Mwalimu aliitazama kadi, akamtazama Baba, kisha akauliza kwa sauti, "Nani hapa anajua alikozaliwa mtu huyu?" Niliwaona watu waliokula kwetu, waliozika na kuozesha pamoja nasi, wakitazama vidole vya miguu yao. Mama aliomba kimya kimya. Mimi nilikwisha kuanza kuwaza ni nguo zipi tutamfungia Baba.

Ndipo Bibi Koku akajipenyeza kutoka nyuma. Alikuwa jirani yetu, mkunga wa zamani, mkali kama pilipili. Yeye na Baba walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba, hawakusalimiana kwa karibu miaka miwili. Isitoshe, kitenge alichozoea kujitanda gulioni kilikuwa cha chama kile kile cha Laurean. Alizungumza kwa Kinyambo, mtu akamtafsiria mwalimu. "Huyu nilimpokea kwa mikono hii, hapa hapa Kaisho. Kitovu chake nilikizika mwenyewe. Ni mbishi, na shamba langu analimega. Lakini ni wa hapa." Laurean akamwinamia, akanong'ona kwa hasira, "Bibi, unajua kura yake inakwenda wapi?" Bibi Koku hakunong'ona. "Najua. Lakini mwalimu ameuliza kura yake inakwenda wapi, au ameuliza alizaliwa wapi?" Mwalimu akampa Baba karatasi ya kura.

Asubuhi iliyofuata matokeo yalibandikwa mlangoni. Upande wa Baba ulishinda kituoni kwetu kwa kura chache tu: wapigaji wake wangeenea kwenye benchi moja la kanisani. Wenzake Bibi Koku walimgeuzia mgongo. Vijana walipita kwake wakiimba kwamba ameuza chama. Baba alikwenda kwake jioni ile, nami nikimfuata na mkungu wa ndizi kichwani. "Shikamoo, mama," alisema. Bibi Koku alionyesha pembeni ya mlango. "Marahaba. Ndizi weka hapo. Mpaka wa shamba tutauzungumza mvua ikiisha." Bibi alifariki ugomvi huo wakiwa hawajaumaliza.

Leo naishi Ndama, mbali kidogo na Kaisho, na nimepiga kura mara kadhaa. Kadi zina picha, kila kitu kinakwenda haraka, na wagombea hupita na fulana na sukari. Wanaopokea huona haya kutolipa fadhila kwa kura. Mwaka jana nilimuuliza Baba, ambaye sasa ni mzee wa kutembelea mkongojo, kama siku ile, nyuma ya pazia, hakushawishika kukipa chama cha Bibi Koku kura yake kama shukrani.

"Nilishawishika," alisema. "Lakini yule mama alikuwa amesema ukweli mbele ya watu wake. Ningewezaje kumlipa kwa uongo? Nilimchagua niliyemkusudia, nikatoka."